Inua Uso, Maji Yanapita

Bagara, Babati
Jumapili, saa kumi jioni

Kwako Tumsifu,

Umelala kwenye mkeka hapa pembeni yangu, nywele zako bado zina unyevu, na ngumi moja umeiweka chini ya shavu. Naandika kwa haraka kidogo kwa sababu ukiamka utaitaka kalamu. Kesho asubuhi utapanda basi la kwenda Kondoa na Bibi Mkubwa. Mimi nitavaa sare niliyoivua nikiwa kidato cha tatu na kurudi kwenye darasa lilelile nililoliacha.

Bibi Mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Wanawe wamekua na kuhama, nyumba yake imebaki kimya, na ni yeye mwenyewe aliyesema, "Nileteeni huyo mtoto mpaka Vero amalize shule." Hapa kwetu nitakuwa natoka alfajiri na kurudi jioni, na Bibi yako anashinda sokoni akiuza samaki wa ziwani. Hakuna wa kubaki na wewe. Tumelizungusha jambo hili kwa kila upande, na kila mara limeishia palepale.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba kabla ya kuandika barua, mtu ajiulize anataka msomaji wake alijue jambo gani moja. Nimejiuliza tangu tulipotoka kanisani. Ningeweza kukuandikia kuhusu baba yako, lakini hayo nitakueleza uso kwa uso siku utakayouliza. Mambo ya uji, ya kadi ya kliniki, ya shuka unalotaka kulishika ukilala, nimeyaandika kwenye karatasi ya Bibi Mkubwa na sitayarudia hapa. Jambo ninalotaka ulijue ni namna ulivyokuwa unaoshwa nywele, kwa sababu humo nimekukosea mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na miezi saba. Mara ya pili ni wiki hii.

Ulizaliwa na nywele nyingi mpaka muuguzi akaita mwenzake aje aone. Wageni walipoanza kuja nyumbani, kila mmoja alikugawa. Pua wakampa huyu, masikio wakampa yule, vidole vya miguu wakampa marehemu babu yangu. Nywele hakuna aliyezidai. Nikasema moyoni, hizi basi ni zake mwenyewe. Ndiyo maana sikutaka zinyolewe, ingawa hapa kwetu watoto wengi hunyolewa mapema na hakuna anayeona ni jambo.

Niliziosha kama mama yangu alivyonionyesha. Mtoto unamlaza kifudifudi juu ya mapaja, kichwa kinaning'inia kwenye beseni, unamwaga jagi la maji, unapaka sabuni, unamwaga jagi jingine, umemaliza. Ulikuwa unalia. Mama alisema, "Mwache alie, anapanua kifua." Nami nilikuacha ulie, kwa sababu sikujua kama kuna njia nyingine, na kwa sababu kilio chako kilikuwa kifupi.

Siku ninayoisema ilikuwa asubuhi yenye jua. Nilikuwa uani na wewe mapajani, sabuni tayari kichwani, jagi mkononi. Wasichana watatu wa darasa langu wakapita barabarani na mikebe yao ya hesabu. Walikuwa wanaenda kwenye mtihani.

"Vero! Mambo?"

"Poa."

"Tuombee, mwenzetu. Leo ni hesabu!"

"Haya, mkafaulu."

"Na huyo binti naye aje, tumkalishe dawati la mbele!"

Walicheka, na hawakuwa na ubaya wowote. Mmoja wao alikuwa akikaa dawati moja na mimi, na hesabu nilikuwa namfundisha mimi. Nikawaangalia mpaka wakakata kona. Halafu, nikiwa bado naangalia kona, nikalimwaga jagi lote.

Sikuwa nimekushika vizuri. Ulikuwa umegeuka kuangalia kelele zilikotoka, na maji yote yakakuingia puani na mdomoni. Hukulia, Tumsifu. Ulinyamaza. Nilikuinua, mdomo wako ulikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka, na macho yako mekundu kwa sabuni yalikuwa yananiangalia mimi. Nilikupiga mgongoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ulipokohoa, na kisha kulia, nilikaa chini kwenye tope la maji ya kuogea na kulia na wewe. Mama aliporudi alikuta nguo zangu zina tope, akauliza, nikasema niliteleza.

Sikuteleza. Nilikuwa na hasira, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Nimekaa na sentensi hiyo miezi minane, na wewe ndiye wa kwanza kuisoma.

Tangu siku ile ulilitambua lile jagi la njano. Nikilichukua hata kwa kumimina maji ya kunywa, unaanza kutetemeka midomo. Siku ya kuoga, ukiona beseni tu, unanishika shingoni kwa mikono miwili. Jirani yetu Mama Paulo alikuwa akituchungulia kupitia ua wa michongoma.

"Vero, unamchinja mtoto?"

"Namwogesha, mama."

"Basi mwambie apunguze. Kwaya ya kanisani wanatafuta sauti ya kwanza, watakuja kumchukua!"

Nilicheka ili asiingie ndani. Baadaye nikaacha kabisa kuziosha. Nilikuwa nafuta kwa kitambaa kilicholowa, juu juu, na nywele zikaanza kushikana, na chini yake ngozi ikatoa magamba. Mama akachukua kichwa chako, akakigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza samaki kuangalia kama ni wa leo.

"Kanyoe hizi nywele, Vero."

"Mama, nipe wiki mbili."

"Wiki mbili za nini? Unasubiri kuvuna?"

"Nipe tu."

Sikuwa na mpango. Niliomba wiki mbili kama mwanafunzi anayeomba muda wa kumaliza zoezi ambalo hajalianza. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuliondoa lile jagi. Nilimpa Mama Paulo, nikamwambia ni zawadi, na alishangaa sana. Halafu nililiweka beseni uani likiwa kavu, bila tone la maji, nikakukalisha ndani na kikombe cha plastiki na kijiko. Siku tatu ulikuwa unakaa kwenye beseni kavu, ukigonga kijiko na kujimwagia kikombe kitupu. Watu wa njia ya mkato waliopita nyuma ya nyumba walidhani nimerukwa na akili. Siku ya nne nilitia maji ya kufika vifundoni, niliyoyapima joto kwa kiwiko. Uliyaangalia. Ukayapiga. Ukanirushia usoni, ukasubiri kuona kama nitalia.

Nilijifunza vitu vidogo, na kila kimoja nilikijua baada ya kukosea. Asubuhi upepo unaoshuka mlimani ni wa baridi, kwa hiyo nikahamisha kuoga kuwa mchana, jua likiwa kichwani na ukuta wa nyumba umepata moto. Sabuni ya kipande niliyokuwa nafulia nguo nikaiacha, nikatumia ile ya mtoto, kidogo sana, kwanza kwenye viganja vyangu. Magamba nikayalainisha kwa mafuta usiku wa kuamkia siku ya kuosha, sikuyakwangua tena kwa kucha. Nilikuwekea kitambaa kilichokunjwa kwenye paji la uso ili povu lisifike machoni. Ulikivuta na kukila.

Kilichobaki kilikuwa kumwaga maji. Hapo bado ulikuwa unainamisha kichwa na kujikunja, na ukiinama, maji yanakwenda palepale unapopaogopa, usoni.

Siku moja ulikuwa ndani ya beseni umeelekea mashariki, na wingu lilikuwa limekaa juu ya Mlima Kwaraa, limefunika kilele chote. Likaanza kuondoka. Nilisema tu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukuimbia, "Tumsifu, mlima uko wapi?" Ukainua uso wote. Kidevu kikapanda juu, shingo ikajinyoosha, na macho yakawa mbali. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu na maji ya uvuguvugu. Nikayamwaga taratibu kuanzia juu ya paji la uso kwenda nyuma, mkono wangu mwingine ukiwa umekinga kama ukingo wa kofia. Maji yakapita nyuma ya masikio yako, yakashuka mgongoni. Uliendelea kuangalia mlima.

Nikachota tena. "Mlima uko wapi? Inua uso, maji yanapita."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake ya samaki. Sikujua kama amefika.

"Hajalia," alisema.

"Hajalia."

Aliweka ndoo chini. "Mimi sikuwa na muda wa kukuuliza mlima uko wapi," alisema. "Nilikuwa na ninyi wanne, na maji ya kuchota bombani." Nilitaka kumwambia kwamba sikumbuki kuumia. Lakini alikuwa ameshaingia ndani, na nikasikia anaanza kuparua magamba ya samaki.

Baada ya hapo kuoshwa nywele kukawa jambo letu, mimi na wewe. Ulipoanza kusema, neno lako la nne lilikuwa "mima." Hukusubiri tena nikuulize. Nikilowesha kikombe tu, unainua kidevu mwenyewe, unasema "mima," unanisubiri. Kuna siku mvua ilinyesha wiki nzima na mlima haukuonekana, tukaogea jikoni, ukainua uso kwenye bati, ukasema "mima" hivyohivyo. Nadhani sijawahi kuaminiwa na mtu kiasi kile.

Sasa nakuja kwenye kosa la pili, na hili ni gumu zaidi kuliandika kwa sababu nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Bibi Mkubwa alifika Jumapili iliyopita ili ukae naye wiki moja umzoee. Ulimzoea siku ya kwanza. Ulikula mkononi mwake, ulilala mgongoni mwake, ulimfuata mpaka chooni. Nilikuwa naosha vyombo na kusikia ukicheka chumba cha pili. Nilitaka umpende. Nilitaka pia kuwe na kitu kimoja asichokiweza.

Jumanne alisema, "Lete huyo mtoto nimwoshe kichwa, nianze kumjua."

Nilimletea maji. Nilimletea sabuni na kitambaa. Nilimweleza kuhusu joto la maji. Kuhusu mlima sikusema neno.

Alikukalisha vizuri tu, mikono yake ni laini kuliko yangu. Akachota maji. Na wewe, Tumsifu, ukafanya sehemu yako. Uliinua kidevu, ukaangalia Kwaraa, ukasema, "Mima." Ukasubiri.

Bibi Mkubwa hakujua unasema nini. Akaweka kiganja nyuma ya kichwa chako, akakuinamisha. "Inama, mama, inama kidogo," alisema kwa upole. Ukainua tena. "Mima." Akakuinamisha tena, na maji yakaja usoni.

Ulilia kilio cha zamani. Uligeuka kunitafuta, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na kanga mkononi, na nilinyamaza. Kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Naliandika jambo hili kama lilivyo kwa sababu mwanangu akinisoma siku moja, nataka asome mimi, asisome mtu niliyemtunga.

Alhamisi ikawa hivyohivyo. Mara hii uliinua uso mara moja tu. Alipokuinamisha hukurudia. Ulifumba macho kabla maji hayajafika, ukakaza mabega, ukangoja yaje. Bibi Mkubwa akakufuta, akasema, "Maskini, anateseka bure huyu. Tukifika Kondoa nitamnyoa, yaishe."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa. Zile nywele nilizozing'ang'ania hazikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa umeacha kuuliza. Nilikufundisha kwa miezi kwamba ukiinua uso maji yatapita vizuri, na kwa siku mbili nikakubali ujifunze kwamba si kweli, ili mimi nijisikie kuwa na maana.

Ijumaa mchana Bibi Mkubwa alikuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti pembeni yake.

"Mama Mkubwa, kuna kitu sikukuambia."

"Kitu gani hicho cha kupigia magoti?"

Nikamwambia. Nilidhani atanigombeza. Aliendelea kuchambua kwa muda, akatupa jiwe dogo.

"Kwa hiyo 'mima' ni mlima."

"Ndiyo."

"Nami nasema mtoto ananiita mima, najisifu kwa jina jipya!" Akacheka mpaka maharage yakamwagika. Halafu akaacha kucheka, akanitazama. "Uliogopa nikiweza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi pia naogopa nikishindwa," alisema. "Haya, kanionyeshe."

Nilimwonyesha. Nilimwekea mkono wake pale paji la uso, nikamwonyesha jinsi ya kuukunja kama ukingo, nikamwambia asimwage mpaka wewe uwe tayari, hata kama maji yanapoa. Ilitubidi tuanze na kikombe kitupu, kwa sababu ulikuwa umejikunja. Mara ya tano ulimwangalia, ukaangalia mlima, ukainua kidevu nusu. Alisubiri. Bibi Mkubwa ni mtu wa haraka katika kila kitu, anatembea kama anayechelewa mnada, lakini alisubiri mkono ukiwa juu mpaka ukatetemeka. Ukainua kidevu chote.

Jana nilinyoa nywele zangu kwa ajili ya shule. Wasichana wote tunanyoa. Niliporudi kutoka saluni ulinikimbia kwanza, kisha ukasikia sauti yangu ukarudi. Ulipapasa kichwa changu, mbele na nyuma, ukaenda kuleta kikombe chako. Kilikuwa kitupu. Ulinimwagia, taratibu, ukakinga kiganja juu ya macho yangu. Sikuwa nimejua kwamba ulikuwa unaona mikono yangu muda wote ule ukiangalia mbali.

Sina mengi ya kukushauri, maana nimeanza kuwa mama kabla sijamaliza kuwa mwanafunzi. Labda hili tu: ukikosea, sema upesi. Mimi nilichelewa tangu Jumanne hadi Ijumaa, na gharama ya siku zile uliilipa wewe. Na kama siku moja ukiwa umemshika mtoto hasira ikakupata, mweke chini kwanza, mahali pakavu, uende ukaangalie hiyo kona mpaka uimalize.

Leo baada ya ibada Bibi Mkubwa aliniambia nimwache akuoshe peke yake. "Kondoa hakuna Kwaraa," alisema, "na wewe hutakuwepo. Sasa tujaribu kama tuko kule."

Akaligeuza beseni. Akakukalisha ukiupa mlima mgongo, uso ukielekea ukuta mtupu wa nyumba. Nilisimama mlangoni na kanga ya kukufutia. Alichota maji, na ulipoona kikombe uliinua uso, ukatafuta, ukakuta ukuta. "Mima?" uliuliza. Ukageuza shingo kushoto. Nilijua ukigeuka kidogo zaidi utaniona, na nilijua nikitoka hatua moja mbele utaniangalia na kila kitu kitakwenda sawa. Nilishikilia fremu ya mlango.

Bibi Mkubwa alisogea nyuma yako, akainama mpaka uso wake ukawa juu ya uso wako, kichwa chini, kilemba kinaning'inia.

"Bibi yuko wapi?"

Ukainua kidevu ukamtazama. Meno yake, ambayo mawili hayapo, yalikuwa juu, na macho yalikuwa chini. Ulishangaa. Ukacheka kile kicheko chako cha tumboni, na ukiwa bado unacheka akamwaga, na maji yakapita.

"Tena," ulisema. Neno hilo sikujua kama unalo.

Akachota tena. Akachota mara nyingi kuliko povu lililokuwepo, na kila mara ulikuwa unainua uso kabla hajauliza. Hukugeuka tena upande wangu. Nilikuwa nimeomba hilo kwa siku mbili, na lilipokuja ilibidi niifiche sura yangu kwenye ile kanga, kisha nikaigeuza upande mkavu ili nisikufutie na machozi.

Sijui utakumbuka nini kuhusu uani huu. Pengine hakuna. Likizo ya Juni, Mungu akipenda, nitapanda basi lipitalo Bonga nije Kondoa. Nitafika mchana, nitasema "Shikamoo Mama Mkubwa," nitaosha mikono. Kama utakuwa umenisahau sitakulazimisha kuja. Nitakaa chini pembeni ya beseni, na nitamwomba Bibi Mkubwa anionyeshe siku hizi unapenda kuoshwa vipi.

Umeanza kujigeuza. Naiweka kalamu.

Mama yako anayekupenda,
Veronika